Jina Lililobaki Mlangoni pa Kasri

Usiku wa jana niliota sina viatu, sina miwani, sina kalamu, na sina jina la babu yake baba. Vile vitatu nilivikosa ndotoni tu. Jina nimelikosa maisha yangu yote.

Babu huyo alikuwa mwashi. Alijenga Kasri la Ngazi Tisa, na kwetu tunamwita Fundi tu, kwa kuwa hakubaki anayejua jina lake. Mimi nilijifunza kusoma nikiwa na miaka arobaini na mitatu, katika madarasa ya jioni, na tangu hapo naandika historia ya kasri hilo. Masultani wote ninao. Ukurasa wa Fundi ni mweupe.

Ndotoni nasimama mbele ya mlango mkuu wa kasri. Umevaa miwani yangu.

"Karibu, mzee," unasema mlango. "Desturi unaijua?"

Naijua, nimeiandika sura ya pili: ndani ya kasri, jina la raia haliingii.

"Basi vua."

"Nivue nini? Viatu sina."

"Jina. Utalikuta ukitoka."

Nikalivua. Lilikuwa dogo kuliko nilivyodhani. Mlango ukalitundika kwenye msumari wa shaba, kando ya mamia ya majina yenye vumbi.

"Hayo ya nani?"

"Ya waashi. Waliingia."

"La babu yangu limo?"

"Limo. Lakini nampa mwenyewe tu. Kamwite."

Napanda ngazi ya kwanza, najikuta darasani kwetu, dawati langu lile lile. Ukutani, badala ya ubao, wako watu wanapaka chokaa.

"Fundi!" naita.

Wanageuka wote.

"Fundi yupi?" anauliza msimamizi.

"Babu yangu."

"Na wewe mwana wa nani?"

Nafungua mdomo. Jibu liko mlangoni, msumarini.

"Ahaa," anasema msimamizi, bila hasira. "Asiye na jina ni fundi. Shika mwiko."

Nikashika. Nilipaka ukuta miaka mingi, na haukuisha. Kando yangu alikuwa mzee mwenye kidole cha mwisho kilichopinda, kama cha baba, kama changu.

"Mjukuu," akasema, macho yake yakiwa ukutani, "nimekungoja uje uniite. Nawe umekuja umelivua jina?"

"Niliambiwa ndiyo desturi."

"Hata mimi niliambiwa."

Chini, mlango ukajifunga.

"Baba Hidaya, chai inapoa!" Ni mke wangu. Niliamka.

Ukutani kimetundikwa cheti changu cha madarasa ya jioni, ndani ya kioo. Muhuri upo, tarehe ipo. Mahali pa jina pamepakwa chokaa. Nilifungua kioo nikagusa. Ilikuwa mbichi.

"Mke wangu, hebu nitaje jina."

Akacheka hadi akaweka birika chini. "Miaka arobaini na moja sijakutaja, nikutaje leo? Mama yangu atafufuka anichape! Kunywa chai, Baba Hidaya."

Sikumlazimisha. Nilichukua karatasi, nikamwandikia mtunzaji wa kasri: *Mheshimiwa, nyuma ya mlango mkuu yamo majina mawili ya ukoo wetu. Nakuomba uyashushe, maana sisi wenyewe tuko ndani.*

Mahali pa kutia jina nilikaa mpaka chai ikapoa. Mwisho nikaandika: *Fundi*.

Nikalamba bahasha, nikaifunga, nikaipeleka posta kwa miguu yangu.