Kaimu wa Marehemu Limbu

Mwalimu Athanasi Ngassa aliongoza chuo chetu cha maendeleo hapa Bariadi kwa miaka kumi na saba, na hakukalia kiti cha Mkuu hata siku moja. Nasema ninachokijua, maana mimi ndiye niliyekuwa mpiga chapa wake. Kiti chenyewe kilikuwa cha mninga, nyuma ya meza kubwa, na kilifutwa vumbi kila asubuhi. Yeye alikaa pembeni kwenye kiti cha wageni, magoti yamebanwa na droo, na kila barua aliisaini kwa niaba ya Mkuu wa Chuo.

Mkuu mwenyewe, Mzee Limbu, alikuwa kaburini tangu mwaka sabini na tisa. Alikwenda Lamadi kununua samaki wa wanafunzi, akashikwa na homa hukohuko, akarudishwa amefunikwa shuka. Ngassa akaambiwa akaimu miezi mitatu. Barua ya kumthibitisha haikuja. Mwingine angelalamika, yeye, mtu wa taratibu kuliko taratibu zenyewe, alisema hawezi kukalia kitu ambacho hakukabidhiwa. Sisi watumishi tulimcheka, kisha tukazoea.

Mwaka tisini na sita akafikia umri wa kustaafu. Sijapata kuona mtu mzima akifurahi vile. Mkewe, Mama Klementina, alikuwa amebaki Bukundi miaka yote hiyo na ng'ombe na mashamba, wakionana sikukuu kwa sikukuu. Ngassa alibandika kalenda ukutani akawa anakata siku kwa wino mwekundu. Aliniambia anataka kitu kimoja tu, anywe uji asubuhi na mke wake bila mtu kugonga mlango. Alilisema hilo mara nyingi mpaka nami nikawa nautamani ule uji.

Wa kumpokea akateuliwa: Mwalimu Philomena, mzaliwa wa Lamadi, mwepesi wa kucheka na mgumu wa kudanganywa. Alikuwa na sababu ya kuwa mgumu. Ndio wakati wanunuzi binafsi wa pamba walipojaa mjini, kila mmoja akitafuta ghala, na wakubwa walishatamka kwamba chuo kisicho na nyaraka kamili kitakodishwa. Philomena akapekua majalada siku tatu, akakuta pengo moja. Hapakuwa na fomu ya makabidhiano kati ya Limbu na Ngassa. Bila hiyo, alisema, Ngassa hana anachokabidhi, yeye hana anachopokea, na kustaafu kwenyewe hakuwezi kupitishwa.

Ngassa hakubisha. Alikaa akiitazama kalenda yake, na nilimwonea huruma mpaka nikakasirika. Ndipo nikafanya nilichofanya.

Kwetu Nkoma, kwenye mji wa bibi yangu, mzee akifa bila kusema ng'ombe wake ni wa nani, anaulizwa. Kigoda chake kinawekwa zizini, maji yaliyokorogwa unga wa mtama yanamwagwa chini yake, jambo linasemwa kwa Kisukuma, watu wanaondoka bila kugeuka. Bibi alisisitiza jambo moja: ukimwomba marehemu, sema mpaka mwisho. Mwambie ng'ombe wanakwenda kwa nani, na huyo atawafanyia nini.

Mimi ni Mkatoliki, na ningekuwa mtu wa kwanza kumcheka anayefanya hivyo. Lakini Ijumaa ile jioni, wenzangu wakiwa wamekwenda makwao, nilipiga chapa ile fomu, nikaacha mahali pa saini na tarehe wazi, nikaiweka mezani mbele ya kile kiti. Nikamwaga maji ya unga sakafuni. Nikamwomba Mzee Limbu amkabidhi Ngassa ofisi. Hapo nikasikia viatu vya Philomena barazani, aibu ikanishika, nikatoka upesi, nikafunga mlango na kutia ufunguo mkobani. Sikuwa nimesema kwamba Ngassa anaondoka.

Jumatatu nilifungua mwenyewe. Fomu ilikuwa imesainiwa. Saini ya Limbu naijua, imejaa kwenye majalada ya zamani, ile herufi ya kwanza ina mkia mrefu. Wino ulikuwa mbichi, ukanichafua kidole. Tarehe iliyojazwa ilikuwa ya asubuhi hiyohiyo. Na kiti kilikuwa kimevutwa nyuma kidogo, kama mtu anavyofanya anapompisha mwenzake.

Nilitaka kuichana ile karatasi, na hadi leo sijui kwa nini sikuichana. Ngassa akaingia, akaisoma amesimama. Mikunjo ya uso wake ilitulia mmoja mmoja, nikaona sura ya kijana ambaye sikupata kumjua. Akasaini upande wa anayepokea, akazunguka meza, akakaa.

"Monika," alisema, "niandikie barua kwa watumishi wote. Ndiyo kwanza naanza, nataka tufahamiane."

Philomena alimwonyesha barua yake ya kustaafu. Aliisoma kwa adabu, akamrudishia, akasema inamhusu kaimu, naye kaimu huyo hamjui. Wakubwa walipoletewa jalada waliona halina pengo tena na Mkuu aliyekabidhiwa rasmi yupo, wakamwagiza Philomena awe msaidizi wake hadi litakapotoka neno jingine. Basi yeye ndiye sasa aliyekaa kwenye kiti cha wageni, magoti yamebanwa na droo. Hakucheka tena.

Mimi nilirudia maji ya unga mara tatu, nikasema yote niliyoyasahau. Yalikauka sakafuni. Mzee Limbu alikwishakabidhi, akaenda zake, na hapakuwa na wa kunisikia.

Nikamwandikia Mama Klementina. Alifika juu ya lori la pamba, vumbi hadi kwenye kope, akanisalimia, "Mwangaluka, mwanangu," kana kwamba hapakuwa na baya. Nilimweleza kila kitu palepale kwenye benchi, sikujificha. Hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi. Aliinuka akaingia ofisini.

Ngassa alimfurahia kweli. Alimshika mikono yote miwili, akamwita kwa jina la binti yao.

"Mama Nancy, wamenithibitisha."

"Nimekuja tuondoke, Baba Nancy."

"Nitakuja. Nikimaliza muda wangu nitakuja."

"Lini?"

Akacheka kwa upole. "Ndiyo kwanza nina wiki tatu."

Mama Klementina aliugeuza mkono wa mumewe, akakipapasa kiganja kwa muda mrefu. Kisha akauweka juu ya meza taratibu, kama kitu cha kuazima. Aliniaga, akarudi barabarani kutafuta lori jingine.

Mwezi haukuisha tukapata habari kutoka Bukundi. Alikuwa amenyoa nywele zote, akawasha moto uani, akapokea watu wa rambirambi siku tatu. Siku hizo zote tatu mumewe alikuwa ofisini, mzima wa afya, nami nilimpelekea chai yake saa nne.