Kibano cha Glenys

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Glenys Trewartha alilelewa kwa msemo wa namna hiyo, na ndio uliomponza.

Huko Mallee kwao, kwenye mashamba ya ngano na kondoo, mtu anayesema "nimeweza" hutazamwa kama aliyeingia kanisani bila suruali. Ukishinda, sema umebahatika. Ukitengeneza kitu cha maana, sema umekigongagonga tu. Glenys, mwanamke wa miaka hamsini na minane mwenye vidole vilivyoharibiwa na baridi yabisi, aliijua adabu hiyo kuliko alivyozijua sala zake.

Kibano chenyewe kilianza asubuhi moja ya Julai, katikati ya baridi, alipokuwa akihangaika na nati za geti la zizi huku kondoo mia mbili wakimlilia masikioni. Vidole vilikataa kabisa. Alisimama pale akalia kwa hasira, kisha akaingia karakana akachukua penseli. Alitaka kitu cha kushikiza geti, taa au hori kwenye mabomba ya zizi, kitakachoachia kwa pigo moja la kiganja, bila spana.

Cha kwanza kiliteleza dume la kondoo lilipokiegemea. Cha pili kilishika vizuri, lakini vumbi likakigandisha na ikabidi kikatwe kwa msumeno. Cha tatu kilimla majira mawili ya baridi. Aliisogeza pini ya wenzo, ule mkono wa kufungia, mpaka ikavuka mstari wa katikati kwa unene wa sarafu, na hapo mambo yakageuka: kadiri kondoo walivyosukuma, ndivyo taya zilivyozidi kuuma bomba. Ndani ya taya alibandika vipande vya tairi kuukuu. Siku kilipokubali, alikifunga na kukifungua mara arobaini, akicheka kama mwendawazimu.

Mumewe, Des, ndiye aliyemshikia taa siku zote hizo. Na Ross Kneebone, jirani yao aliyekaa dawati moja na Glenys tangu darasa la kwanza, alikuwa akipita saa nne kunywa chai. Alichomelea viungo viwili na kumaliza biskuti nyingi. Ni Ross pia aliyesema kibano kipelekwe kwenye maonyesho ya zana za wakulima.

Walikipeleka. Mwandishi wa gazeti la mji akakichezea, akakipenda, akauliza fundi wake ni nani.

"Aa, tumekigongagonga tu mimi na Ross," Glenys akasema, uso umemwiva. "Zaidi yeye. Hata si kitu."

Hilo "zaidi yeye" lilimtoka kama vile mtu anavyomwambia mgeni karibu. Kila aliyekuwa pale alijua maana yake. Ross naye alipaswa kujibu, "Mimi? Mimi nilikula biskuti tu." Ndivyo mchezo unavyochezwa. Ross alitabasamu akanyamaza, na mwandishi akaandika.

Mwaka uliofuata Glenys aliingia kwenye maonyesho yaleyale, mkate wa soseji mkononi, akakutana na ubao mkubwa mwekundu: KIBANO CHA KNEEBONE. Chini yake vibano vilipangwa kwenye bomba, vimepakwa rangi, vinang'aa. Alikigusa kimoja. Pini ilivuka katikati kwa unene wa sarafu.

"Ross, hiki nini?"

"Glen! Karibu, karibu. Umeona rangi?"

"Nimeuliza hiki nini."

Ross akakuna shingo. "Usianze, rafiki yangu. Ulisema mwenyewe, zaidi mimi." Akaonyesha ukurasa wa gazeti aliokuwa ameubandika ubaoni. "Si maneno yako haya?"

"Unajua fika nilikuwa nasema tu!"

"Sasa mimi nitajuaje lini unasema tu na lini unasema kweli?"

Kikulacho ki nguoni mwako. Miaka hamsini ya urafiki, na mtu ameyachukua maneno yako ya adabu akayageuza hati ya umiliki.

Alasiri hiyo ingetolewa nishani ya ubunifu wa mkulima, na kibano kilikuwa kikishindania. Glenys hakutaka makuu. Alitaka jina lake tu liandikwe kwenye kitu chake. Alimfuata Bev Hocking, mkuu wa waamuzi, naye Bev akamwambia mwenye pingamizi husimama hemani mbele ya watu.

Akasimama. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa anakwenda kujisifu.

"Kibano hiki nimekibuni mimi," alisema. "Peke yangu. Ross alichomelea viungo viwili."

Sauti moja nyuma ikasema, "Ee, leo tuna malkia!" na watu wakacheka.

Glenys akamgeukia mzee Merv Pascoe, aliyekuwa amekiona kwenye zizi la Glenys kabla hakijafika popote. "Merv, sema ulichokiona."

"Mimi usinitie humo, Glen," Merv akasema, akivitazama viatu vyake.

"Des?" Bev akauliza. "Wewe ni mumewe. Nani alikitengeneza?"

Glenys akashusha pumzi. Sasa limekwisha, alijiambia. Des alikuwepo kila siku.

Des alisimama akiizungusha kofia yake mikononi. "Kwa kweli... walikuwa pamoja mle karakana. Ni kibano tu, jamani. Hakuna haja ya makelele."

"Basi jina lililoandikwa ndilo litakalobaki," Bev akasema, na Ross akaitwa mbele. Watu walipiga makofi. Des naye alipiga, taratibu, kwa aibu, lakini alipiga.

Des alimkuta mkewe kwenye pikapu, mikono imeshika usukani.

"Ulijua," Glenys akasema. Hakuwa anauliza.

"Ross aliniuliza mwezi wa tatu kama aweke jina lake. Nikamwambia hutajali. Wewe mwenyewe husema si kitu, mpenzi. Kila mara unasema si kitu."

"Na wewe uliamini?"

Aliyeshika taa majira mawili ya baridi, akamwona akilia, akamwona akicheka, sasa alikuwa akiitazama kofia yake. Ya Ross yalimuuma Glenys kama kofi. Haya ya Des yalimfika mahali ambapo hakujua kuwa panaweza kuuma.

Des akazunguka upande wa pili, akavuta mlango. Ulikuwa umefungwa kwa ndani. Akagonga kioo kwa kidole.

"Glen. Fungua, twende nyumbani."

Glenys akateremsha kioo kidogo, sauti ipite tu.

"Kibano nimekitengeneza mimi," alisema. "Na ni kitu. Mwombe Ross akupe lifti."

Akatia gia.