Kipa Aliyevuka Daraja

Jumamosi za mechi Arlene Garlow alipakua supu ya mahindi mabakuli matatu: lake, la mwanawe Emerson, na la mumewe Wes, aliyezikwa kijijini kwao Ohsweken, upande wa Kanada, kabla ya theluji ya kwanza. Wes aliingia kwa mlango wa nyuma, akakung'uta viatu, akala bila kuvua koti.

"Fimbo mliyonizika nayo si yangu," alisema msimu ulipoanza. "Ni ya huyu bwana mdogo."

Ilikuwa kweli. Mwanamume wa kwao huzikwa na fimbo yake ya lakrosi, mchezo wa kudaka na kurusha mpira kwa fimbo yenye wavu, apate kucheza huko aendako. Baba na mwana wote walikuwa makipa, na fimbo zao zilichongwa na fundi mmoja kutoka mti mmoja. Shemeji aliyekwenda kuitoa ukutani alikosea. Arlene aliliona kosa jeneza likiwa bado wazi, lakini mwanamke wa kwao hagusi fimbo ya mbao, tena alidhani Emerson ametoa yake kwa mapenzi.

"Si tubadilishane, Baba?"

"Nilichopewa kaburini siwezi kukuachia. Daka kwa yangu, japo unadaka kama mtu anayefukuza nzi."

Emerson alicheza ligi ya kulipwa kwa fimbo ya marehemu, kwenye kapeti la kijani lililotandikwa juu ya barafu ya uwanja wa ndani, huku Wes amesimama nyuma ya wavu akimsema. Mechi za Marekani alidaka kipa wa akiba, kwa kuwa Emerson alirudishwa kila mara kwenye daraja la mpakani. Sasa fainali ilikuwa Buffalo, ng'ambo ya daraja, na kipa wa akiba alikuwa amevunjika mguu.

Darajani ofisa aliishika paspoti ya Emerson, inayotolewa na taifa lao wenyewe, Wahaudenosaunee, wenyeji wa asili wa pande zote mbili za mpaka.

"Hii si ya nchi. Huna ya Kanada?"

"Mimi si Mkanada."

Wes alipokuwa hai alirudishwa hapo hapo kwa jibu hilo hilo, akafa bila kucheza fainali hata moja. Emerson alikuwa amemwahidi kwamba yeye atavuka kwa paspoti hiyo. Hakuna alichokitaka zaidi duniani.

Ofisa akamgeukia Wes, aliyekuwa kando ya mwanawe. "Na wewe, mzee?"

"Mimi ni marehemu."

"Umebeba nini?"

"Fimbo."

"Haya, pita."

Wes hakusogea. Emerson akavua jezi, akamkabidhi. "Nenda, Baba. Usiwaangushe."

Arlene alisikiliza redioni. Mtangazaji alisema Garlow leo ni mzito kidogo, lakini hapitwi. Walishinda kwa bao moja. Emerson aliitazama mechi kwenye runinga ya ofisini darajani, pamoja na ofisa, mpaka Wes aliporudi na jezi iliyolowa jasho.

"Mzee, unadaka," ofisa akasema.

Emerson alifurahi, lakini furaha ilimuuma, maana baba yake ilibidi afe kwanza ndipo avuke.

"Fimbo yako nzuri, mwanangu," Wes akamwambia. "Nyepesi, lakini nzuri."

Hakuja tena. Msimu uliofuata ulianzia Buffalo. Emerson aliondoka asubuhi, paspoti ileile mfukoni, na Arlene akawasha redio mapema. Kabla mechi haijaanza alisikia gari la mwanawe likiingia uani. Akapakua supu, mabakuli mawili.