Masaa Matano ya Baba Rejina

Siku ya Teej, sikukuu ya wake, sisi wa Banepa, mji wa karibu na Kathmandu, tunafunga bila chakula wala maji ili waume zetu waishi miaka mingi. Jioni mume anakunywesha maji kwa mkono wake. Mwaka jana nilikunywa mbele ya picha ya mume wangu, Baba Rejina. Mwaka huu alikuwa anarudi siku hiyohiyo kutoka kazini kwake Doha, nami nilivaa sari ya harusi tangu alfajiri.

Wifi yangu Goma, aliyekuja kwao kwa sikukuu, ndiye aliyeanza. Aliniuliza kaka yake anafika saa ngapi. Nikamwambia anaondoka Doha saa sita mchana, anatua Kathmandu saa moja jioni. Akauliza wakati wa kwenda ilikuwaje. Nilikumbuka vizuri: ndege iliondoka saa nne asubuhi, na alipotua alinipigia akasema ni saa sita mchana, jua linachoma.

Goma akahesabu kwa vidole. Kwenda mawili, kurudi saba.

“Angani hakuna foleni, wifi. Hayo matano anayapeleka wapi?”

Kisha akasema, kama mtu anayezungumza na chungu, kwamba hata Yamuna wa mtaa wa juu anarudi na ndege hiyo.

Yamuna anasuka nywele za watu huko Doha. Ana shingo ndefu, na akicheka wanaume wanasahau walichokuwa wakisema. Nilikaa karibu na mtungi wa maji. Koo lilikuwa limekauka, na nilijiuliza kwa nini nimwombee maisha marefu mtu wa Yamuna. Nikachota kikombe.

Simu ikalia. Alikuwa yeye, uwanjani, anasubiri kupanda.

“Mama Rejina, umefunga?”

Nikamwuliza kwa nini anachelewa namna hiyo.

“Nachelewa wapi? Huku bado asubuhi, hata adhana ya adhuhuri sijaisikia.”

Nilitazama uani. Kivuli cha ukuta kilikuwa kimeshaufunika mmea wetu wa mrehani, na Rejina alikuwa amekula chakula cha mchana zamani. Siku zote yeye ndiye aliyepiga simu akitoka kazini. Sikuwahi kumwuliza saa yake inasema nini. Kumbe jua linaanza kwetu, Doha linafika baadaye, na saa zao ziko nyuma ya zetu. Yale matano hayakuwepo.

Nilirudisha maji mtungini. Lakini ulimi haukutulia.

“Na Yamuna?”

“Yupo hapa. Anaogopa ndege, kaomba tukae pamoja.”

Goma alikuwa ameinamisha kichwa, anajifanya anachambua mchele. Mchele wa nani, siku ya kufunga?

Basi mawili na saba ukiyagawa sawa, safari yenyewe ni masaa manne na kitu, bega kwa bega. Niliyapitisha yote nikiwa nimekaa kizingitini, kila dakika nikiona shingo ile inainama.

Saa tatu usiku Baba Rejina aliingia na mabegi. Mama mkwe akambariki, Rejina akamrukia. Yeye akachota maji, akayaleta mdomoni mwangu.

“Alilala?” nikauliza.

“Nani?”

“Wa kwako wa ndegeni.”

“Alitapika njia nzima. Nilimshikia mfuko.”

Niliinama begani kwake, nikanusa. Hakukuwa na mafuta ya nywele. Nikanusa na la pili.

Ndipo nikanywa.