Tumbo Chini ya Kanga

Bi Somoe alipofika Tingi kumchukua bibi harusi, neno lake la kwanza baada ya kuitikia shikamoo lilikuwa hili: "Kwetu Songosongo mwali haingii nyumbani anatapika. Akitapika, sisi tunaanza kuhesabu miezi."

Alisema huku anatabasamu, anajipepea kwa upindo wa mtandio. Yeye ni shangazi wa bwana harusi, Abdurahmani, na ndiye ambaye wanawake wa kisiwani wangemuuliza huyu aliyeletwa ni mtu wa namna gani. Atakalosema mlangoni ndilo litakalokaa.

Martina alimtazama bibi harusi, Mwanaima. Walikuwa majirani tangu utotoni, ua kwa ua, na Martina alilijua tumbo la shoga yake kuliko mwenyewe. Mwanaima akipanda gari la Masoko hutapika kabla halijafika Nangurukuru. Mimba haikuwepo, lilikuwepo tumbo jepesi tu. Lakini nani angekwenda kulieleza hilo kisiwani, akasadikiwa?

"Bahari ina taratibu zake," alisema baba mdogo Alfani.

Alfani, mdogo wa baba yake Mwanaima, alikuwa mkulima wa mihogo na korosho, mwembamba kama mpini wa jembe. Aliwahi kupanda pantoni la Kigamboni mara mbili, kwenda na kurudi, na tangu hapo habari zote za baharini zilipitia kwake. Asubuhi ya safari aliwakusanya wasindikizaji akawapa somo.

"Wimbi la kwanza halina neno, linakupima tu. La pili linakuja kuuliza una nini tumboni. Likikuta tupu, umekwisha. Lori tupu ndilo linalorukaruka barabarani. Lijaze mchanga uone kama halikutulia."

"Sasa tule mchanga, baba mdogo?" aliuliza Martina.

"Ugali wa muhogo, na mbaazi za nazi. Kuleni mpaka mkae vizuri."

Wakala. Mwanaima naye akasukumiwa matonge matatu makubwa. Bi Somoe alikunywa chai ya tangawizi, kavu, akawatazama wanavyomeza. Martina aliiona ile chai kavu, akapunguza tonge lake.

Pale bandarini Kivinje boti ya faiba ilikuwa tayari, na upepo wa kusi ulikwisha amka. Nahodha Idd aliwatazama watu wa shamba wanavyopanda wameshikana mikono kama wanaovuka mto uliofurika. Somo lake lilikuwa fupi.

"Kaeni katikati na nyuma, huko mbele kunarusha. Tazameni nchi kavu kule mbali, msitazame chini. Mwenye kutapika ageukie upepo unakokwenda, si unakotoka. Mlioshiba, poleni."

Hapo ndipo Martina alipoona balaa lilipo. Bibi harusi alikuwa amefunikwa kanga mpya gubigubi, kichwa mpaka miguu, ameinamishwa kama desturi itakavyo. Hiyo nchi kavu ataitazama na nini?

"Shangazi," alisema kwa adabu, "si tumfunue macho tu? Tukikaribia tutamfunika tena."

"Mumewe hajamwona alivyopambwa, samaki ndio wamwone?"

Basi wakaondoka. Walipotoka nje kabisa, boti ilipanda, ikasimama juu kidogo kama inayofikiri, kisha ikaanguka kwa kishindo.

"Hilo la kwanza," alisema Alfani, anacheka.

La pili hakulitaja. Aliinuka haraka, akageukia huko huko upepo unakotoka, na mbaazi zikamrudia kifuani zote. Akajilaza sakafuni mwa boti anatetemeka kwa baridi, anaomba arudishwe Tingi hata kwa miguu.

Sauti ndogo ikatoka ndani ya kanga. "Martina. Inakuja."

"Imeze."

"Nimeshaimeza mara mbili."

Maji yakaruka, yakawamwagikia. Idd akawaambia wajifunike turubai wote, kuna mengine yanakuja. Chini ya turubai kukawa giza kama ndani ya ghala, na Martina hakungoja. Alimvua Mwanaima zile kanga, akamtanda kitenge chake kikuukuu, akamsukuma nyuma mpaka miguuni kwa nahodha. "Tazama nchi kavu. Usiniulize kitu." Kisha akazichukua kanga za harusi akamfunika Alfani, gubigubi. Alfani hakukataa. Alimshukuru, akajikunyata.

Turubai lilipotolewa, Idd alimwona bibi harusi miguuni pake. Akamtazama Martina. Martina akamtazama. Nahodha akageukia mashine yake, akaikagua kama vile ndiyo inayoolewa. Wengine walikuwa wamejitanda vitenge, kila mmoja na tumbo lake, hakuna aliyehesabu migongo.

Zile kanga zikaguna. Zikaguna tena, zikatapika.

"Ehee," alisema Bi Somoe.

Alisogea kwa magoti. Aliwahi kuwa mkunga, mkono wake haukuwa na haya. Akaupenyeza chini ya kanga, akapapasa, akabonyeza, akafumba macho apate kusikia vizuri.

"Limekaza," alisema kwa sauti ya kutosha boti nzima. "Miezi minne hii. Mitano."

"Ni mbaazi, shangazi," alisema Martina.

"Mbaazi haichezi tumboni."

"Mama," zile kanga zilisema kwa sauti nzito ya kiume, "nakuomba usibonyeze hapo."

Bi Somoe aliutoa mkono kama aliyegusa kaa la moto. Kanga ikateleza, zikatokea ndevu za Alfani, na mbaazi moja imenasa humo. Nahodha aliuma midomo. Wanawake waliokuwa na nguvu bado wakaangua kicheko, na Mwanaima, kule nyuma, akageuka naye acheke. Kuiacha nchi kavu kwa dakika ile moja kulitosha. Alijitupa ukingoni, na matonge matatu yakaenda baharini, mbele ya macho ya shangazi.

"Kumbe," alisema Bi Somoe taratibu. "Kumbe huyu hapa."

Martina alisogea akakaa karibu naye, magoti yakagusana. Akasema kwa upole, kama anayeuliza bei ya dagaa.

"Shangazi, umemwona Mwanaima anatapika. Na sisi wote tumekuona unavyompapasa baba mdogo tumbo, mpaka ukampa miezi mitano. Sasa wenzetu kule wataanza kusikia lipi?"

Bi Somoe alimkagua tangu kichwani mpaka miguuni.

"Wewe umesoma mpaka wapi?"

"La saba, shangazi."

"Alhamdulillahi. Ungezidi hapo ungetuuza."

Akaziokota kanga, akazikung'uta upande wa upepo unakokwenda, akamtanda Mwanaima yeye mwenyewe. Safari hii aliacha macho wazi. Na njia nzima iliyobaki alimshika mabega, anamwonyesha kisiwa kilipo.

Ufukweni vigelegele viliwapokea. Wanawake walimzunguka Bi Somoe, na mmoja, mzee, mwenye macho makali, hakutaka salamu nyingi.

"Mwali alivumiliaje? Naona leo bahari chafu."

"Bahari gani?" alisema Bi Somoe. "Shwari tupu. Kama maji ya mtungini."

Nyuma yake wanaume wawili walikuwa wanamteremsha Alfani, wamemshika makwapani, miguu inaburuzika majini.

"Na huyo je?" aliuliza yule mzee.

Bi Somoe hakugeuka. Martina ndiye aliyegeuka upande wa pili, akajifanya anatafuta kiatu chake.

"Huyo ni uchungu wa kumtoa binti," alisema Bi Somoe. "Mpeni maji, mumwache alie."