Uso Nauchukua

Walikuwa wamemvua shangazi yake nguo.

Wino aliishika simu kwa mikono miwili, akaisogeza karibu, kisha mbali, kama mtu anayesoma barua ya msiba. Macho yalikuwa yaleyale: la kushoto limelegea kidogo, la kulia linachungulia juu ya karata kana kwamba linajua umeficha nini mkononi. Aliyachora yeye, kwa wiki tatu. Lakini chini ya macho hayo mikunjo yote ilikuwa imefutwa, ngozi imeng'arishwa mpaka ikawa kama plastiki, na kichwa cha mwanamke wa miaka sitini na minne kilikuwa kimepachikwa juu ya kifua cha msichana wa miaka ishirini, kifua kinachotaka kuruka nje ya kitambaa chembamba. Nyuma, moto. Juu, sarafu za dhahabu zikimiminika. Na pembeni kabisa, kwa herufi ndogo nyeupe, jina la mchoraji.

Ndiyo maana Shangazi alikuwa amempigia simu asubuhi ile, Wino akiwa bado kwenye ngazi za ofisi. Hata salamu hakutoa.

"Mteja kanionyesha simu yake," alisema. "Wanaume wawili dukani kwangu wamecheka mpaka wakashika ukuta. Hivi ndivyo unavyoniona, mwanangu?"

Akakata.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa karata, wa kuchezea kwenye simu. Badala ya wafalme na malkia, kila karata ilibeba mtu wa kazi: fundi baiskeli, muuza magazeti, dobi, mshona nguo. Wino alizichora zote arobaini. Mshona nguo alikuwa Shangazi, aliyemlea tangu akiwa na miaka mitano kwa cherehani moja, na ambaye alikubali kuchorwa kwa sharti moja tu: "Mikunjo yangu usiiguse. Nimeitolea jasho."

Kisha ikaja kazi ya picha za dukani, zile ambazo mtu huziona kwenye simu kabla hajaamua kuupakua mchezo. Wino aliijua kazi hiyo. Ikoni, ile picha ya kubonyeza, ni ndogo kama ukucha, na mtu huipita kwa kidole kabla hajapepesa jicho. Ukiweka vitu vitano, hakionekani hata kimoja. Kwa hiyo aliweka kimoja: uso wa Shangazi, nusu umejificha nyuma ya karata, juu ya manjano iliyokolea. Basi. Aliilaza simu sakafuni, akapanda juu ya kiti, akatazama. Jicho lile likamfuata mpaka huko juu.

Bosi alisema haina msisimko. Ijumaa akamwomba amwachie faili, uso peke yake, mwili peke yake, "tujaribujaribu vitu." Vitu gani? Wino hakuuliza. Alikuwa na homa, alitaka kwenda kulala. Alimwachia.

Sasa ilikuwa Jumatatu, na alisimama mbele ya meza ya Bosi bila kupiga hodi.

"Iondoe."

Bosi alishusha kikombe cha chai. "Habari za asubuhi na wewe pia."

"Iondoe sasa hivi."

"Kaa kwanza, Wino. Umeona namba? Tangu Jumamosi watu elfu sita wamepakua. Elfu sita! Tungekuuliza, lakini hukuwepo, na asiyekuwepo na lake halipo."

"Huyo ni shangazi yangu."

"Hiyo ni karata."

"Ni shangazi yangu! Ana duka, ana wateja, ana majirani. Leo anaona aibu kufungua mlango wake mwenyewe kwa sababu wewe umeona kifua kinauza."

"Mbona kinauza kweli," Bosi alisema taratibu, na utaratibu ule ndio uliomchemsha Wino damu. Angepiga meza, angefoka, wangekuwa sawa. Lakini aliongea kama anayemweleza mtoto kwa nini mvua inanyesha.

Ofisi ilikuwa chumba kimoja, kila mtu alisikia. Fundi wa programu, waliyemwita Miwani, mtu ambaye hata kupiga chafya aliomba radhi kwanza, alikohoa.

"Na waliofuta je?"

Bosi akamgeukia.

"Elfu sita wameingia, elfu tano wameshaufuta," Miwani alisema, macho kwenye kibodi. "Nimesoma maoni. Wamekuja kumtafuta huyo dada, wamekutana na dobi na fundi baiskeli. Mmoja kaandika, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Nyota moja. Zimejaa nyota moja."

Wino akaichukua simu ya Bosi pale mezani, akafungua duka la michezo, akaiegemeza kwenye birika upande wa pili wa meza. "Tuonyeshe wetu uko wapi."

Bosi akakunja uso. Midomo iliyoachama, moto, dhahabu, vifua. Safu chini ya safu. Kidole chake kilielea hewani, kikashuka kwenye mchezo wa watu wengine. Alikirudisha haraka, lakini wote walikuwa wameona.

"Maji yakimwagika hayazoleki," alisema. "Matangazo yanaisha Ijumaa. Ijumaa tutabadilisha."

"Haya yanazoleka. Yana kitufe."

"Nimesema Ijumaa! Mwenye ofisi ni mimi."

Wino akarudi kwenye mashine yake. Hakukaa. Alilifungua faili, akalitafuta tabaka la uso, akalikata. Kikabaki kifua, moto, sarafu, na juu ya shingo tundu jeupe. Akaigeuza skrini ili Bosi aone vizuri.

"Mwili ni wako, baki nao. Uso nauchukua."

"Ukitoka kwa mlango huo, usirudi."

"Miwani," alisema, bila kumtazama Bosi. "Ile ya manjano ipo kwenye folda yangu."

Miwani alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena. Kisha akabonyeza mara mbili.

"Ndani ya saa moja picha ya mchezo itakuwa imebadilika," alisema, midomo imempauka.

Bosi alianza kufoka kabla sentensi haijaisha. Wino alizisikia kelele zake mpaka ghorofa ya chini, na kila ngazi aliyoshuka alikuwa bado anamjibu, kwa sauti, peke yake, mpaka mlinzi akamwuliza kama yu mzima.

Duka la Shangazi lilikuwa limefunguliwa mlango nusu. Ndani, cherehani ilikuwa inakimbia.

"Shikamoo, Shangazi."

Shangazi alizidi kusukuma kitambaa mbele. Mguu uliendelea kukanyaga, sindano ikipanda na kushuka.

"Si mimi niliyefanya vile. Na imeshaondolewa. Tazama." Alinyoosha simu. Picha ya manjano ilikuwa tayari imekaa mahali pake.

Shangazi hakuitupia hata jicho. "Jina lako lilikuwa pale chini."

"Waliliacha."

"Na uso wangu waliutoa wapi? Waliuokota barabarani?"

Wino aliirudisha simu mfukoni. Njia nzima alikuwa amekusanya majibu, lakini yote yalikuwa ya Bosi.

"Niliwapa mimi," alisema. "Waliuomba ukiwa peke yake. Moyo uliniambia hawana jema. Sikuuliza."

Cherehani ikasimama.

"Miaka thelathini navisha watu," Shangazi alisema. "Nimewapima wake kwa waume, wanene na wakonde, wazuri na waliochoka. Sijawahi kumwacha mtu uchi mlangoni kwangu. Hata dakika moja."

"Nisamehe, Shangazi."

"Sijamaliza kukasirika."

"Hata mimi."

Hapo Shangazi akamtazama, kwa muda mrefu, kama anayetazama mshono na hajaamua bado aufumue au auache. Alikuwa bado anatazama mlango uliposukumwa, akaingia mwanamke mwenye kitambaa cha buluu kwapani.

"Nataka gauni la kazini," alisema. "Lisinibane mabega."

Shangazi alivuta tepu ya kupimia kutoka shingoni mwake. Akainyoosha kando, bila kugeuza kichwa.

"Mpime."

Wino akaipokea. Tepu ikatetemeka juu ya mabega ya mgeni, namba zikichezacheza. Yule mwanamke alisimama wima, akashusha pumzi, akangoja zitulie.