Sauti ya Hewa Inayovuja

Tarsis aliupiga mkono wangu, maji yakamwagika kifuani mwake. Akakunja tena ile nusu ya mdomo iliyokuwa bado inamtii, akapuliza: fyuuu.

"Unataka nini, Baba Evelyn? Nionyeshe basi."

Mume wangu alifumba macho. Chini barabarani, rafiki yake Keyur alikuwa anapiga resi ile Subaru kuukuu, na mngurumo ulipanda hadi dirishani kwetu, ghorofa ya tatu, Mchafukoge, ukichanganyika na honi na wito wa wauza soksi.

Kiharusi kilimkuta akiwa ameliinamia gari hilohilo. Kwa miaka mingi alishindana nalo kwenye mbio za magari, Keyur pembeni akimsomea kona. Siku za kazi waliuza vipuri Kariakoo. Jumapili walirudi na vumbi mpaka kwenye kope. Nililichukia gari lile. Kisha likazeeka, likapoteza nguvu. Ukikanyaga mafuta lilinguruma, lakini halikuvuta. Hata bajaji zilitupita. Tarsis alibadilisha plagi, akabadilisha pampu ya mafuta, akalala nalo na kuamka nalo. Alipoanguka, spana ilikuwa bado mkononi.

Upande wa kushoto ukafa. Ulimi ukawa mzito, kisha akaacha kabisa kujaribu kusema. Baadaye akaacha kula. Daktari alisema hakuna kinachomzuia kumeza. Kaka yake, Jovin, akapiga simu kutoka kwao Rombo: "Shemeji, mlete nyumbani." Hakusema aje kufanya nini. Hakukuwa na haja.

Ndipo nikamwendea Keyur.

"Shemeji, mafundi wote wa mtaa wa Gerezani limewashinda," aliniambia. "Wanasema turbo, ile inayosukuma hewa kwenye injini, imekufa."

"Jaribu tu. Alisikie."

Akajaribu, jua likimchoma mgongo tangu asubuhi. Gari likabaki vilevile, makelele matupu.

Na sasa nilikuwa nimesimama na kikombe kitupu, nalia kwa hasira. Sikuwa na kingine cha kumrudishia mume wangu. Chini, Keyur alikanyaga mafuta. Fyuuu, alipuliza Tarsis. Keyur akaachia, Tarsis akanyamaza. Keyur akakanyaga. Fyuuu.

Nilikimbilia dirishani. "Keyur! Anasikia hewa! Anasema hewa inavuja!"

Wauza vitambaa wa duka la chini walimteremsha akiwa kwenye kiti, ngazi kwa ngazi, wakihimizana polepole, wakamweka mbele ya boneti. Keyur alimwagia mipira ya kupitishia hewa maji ya sabuni, mmoja baada ya mwingine. Hakuna povu. Tarsis akanyoosha mkono wa kulia chini kabisa, kwenye mpira unaotoka kwenye turbo. Keyur akapenyeza vidole nyuma ya kibano cha chuma, akaubinya. Mpasuko ukafunguka. Alipoachia ukajifunga, usingejua kama upo.

"Muda wote huu," alisema Keyur, akakaa palepale kwenye lami.

Mpira mwingine tuliupata Kariakoo alasiri ileile. Ulipokwisha kufungwa, Keyur alikataa kushika usukani. Tarsis tulimweka kiti cha mbele, Keyur akakaa nyuma ili amshikilie mabega, akanipa mimi funguo.

Jioni ile Tarsis alikuja kunywa uji, na masika ya mwaka uliofuata yalimkuta bado yupo nasi, ingawa hakusema tena neno hata moja mpaka tulipomzika. Lakini hayo sikuyajua tulipokuwa tunaipita Mnazi Mmoja na barabara ikafunguka mbele yetu. Nilijua tu kwamba gari likigoma tena, sina pa kwenda.

Nikakanyaga mafuta. Kwanza hakukutokea kitu. Kisha gari likavuta, likatukandamiza migongo kwenye viti, maduka yakaanza kukimbia pembeni. Nilipiga kelele. Keyur nyuma yangu alikuwa anacheka, au analia, sikuweza kutofautisha.

Tarsis sikumtazama. Niliogopa nitakachokiona. Injini ilikuwa inalia mno, nami nimeng'ang'ania gia ya pili, nimesahau hata la kufanya. Mkono wake ukaja juu ya wangu, mzito, wenye joto.

Nikabana klachi. Akasukuma gia.